Tuna kamati ya msiba, kuugua hakuna kamati

Swali la kwanza mtu analouliza ukimtajia bima ya maisha ni hili: "Na nisipokufa, hela yangu inarudi?" Nimelisikia kwa walimu, manesi, madereva, wachungaji na mashehe. Si swali la kijinga. Anayeuliza anaishi kwa kipato kinachotosha kwa taabu, na kila shilingi inayotoka mfukoni mwake amezoea kuiona ikirudi na kitu: unga, ada, bati la kumalizia chumba. Sasa anaambiwa atoe kila mwezi kwa miaka ili kipatikane kitu siku ambayo yeye mwenyewe hatakuwepo kukipokea. Swali hilo moja limeamua namna tunavyonunua bima kuliko tangazo lolote la redioni.

Niliwahi kufanya kazi ya uwakala wa bima ya maisha, nikizunguka shule za Dar es Salaam na Pwani. Mawakala tulipenda shule kwa sababu mwalimu ana mshahara wa kila mwezi, na makato yanaweza kupita kwenye mshahara kabla haujamfikia mkononi. Unaingia ofisi ya walimu wakati wa mapumziko, unaamkia wakubwa, unapewa kiti, unaanza kwa kuulizia watoto. Tulichouza kilikuwa karibu kila mara bima ya elimu: unalipa miaka kumi au kumi na mitano, mwishoni unapewa fungu lako na faida yake, na ukifariki katikati mtoto analipwa. Hapo lile swali linakuwa limejibiwa, na fomu inasainiwa.

Kilichogoma kuuzika ni bima ya maisha ya muda, ile isiyo na akiba ndani yake. Unalipa mwaka hadi mwaka, ukimaliza salama huna unachodai. Kwa kuwa waliobaki hai hawarudishiwi kitu, bei yake ni ndogo ukiipima na kinga inayotoa: michango ya wengi waliosalimika inakwenda kwa familia chache zilizopata pigo, ukiondoa gharama na faida ya kampuni. Kwenye bima ya akiba, sehemu kubwa ya unacholipa ni akiba yako mwenyewe inayotunzwa na mwingine, kwa hiyo kinga yenyewe inabaki nyembamba. Nimeona familia ambazo baba alikatwa mshahara kwa uaminifu miaka mingi, akafariki bado kijana, na fungu walilopata watoto likaisha kabla mkubwa hajamaliza kidato cha nne. Hakuna aliyewaibia. Walichonunua ndicho walicholipwa. Ila walikuwa wamenunua akiba, na walichokuwa wanakihitaji ni kinga.

Namna ya kununua imebadilika mno. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, likawa mali ya umma mwaka 1967, na kwa miaka mingi likawa ndilo bima yenyewe upande wa Bara, mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungulia mlango kampuni binafsi. Leo kampuni ni nyingi chini ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na wakala mwenye mkoba si mlango pekee tena. Kuanzia mwaka 2019 benki zimepewa utaratibu rasmi wa kuwa mawakala wa bima, kwa hiyo unakwenda kufungua akaunti unatoka na bima. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika kwetu mwaka 2008, na kwa mara ya kwanza ikawezekana kumtoza mtu wa Namtumbo au Kakonko kiasi kidogo cha bima bila mtu kupanda basi kwenda kukichukua. Vikoba na saccos nazo zinanunua kwa pamoja, jina la kikundi moja, wanachama ishirini au mia mbili.

Tunachonunua, hata hivyo, hakijabadilika kwa kasi hiyo. Tunanunua kifo, na hasa mazishi. Bima ya mazishi ndiyo inayoeleweka upesi kuliko zote mtaani, na ndiyo inayonunuliwa bila mtu kuuliza kama hela inarudi, maana kila mmoja wetu ana hakika kwamba kuna msiba utamfika. Katikati ya bima ya afya inayomlipa daktari na bima ya mazishi inayolipa sanda na basi la kwenda Same kuna pengo kubwa, na ndani ya pengo hilo yuko mtu mzima aliye hai, aliyetibiwa, asiyeweza kufanya kazi.

Wazee wetu na hesabu za bima

Mimi ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana hapa Tabata. Katiba yetu ina kurasa chache, imeandikwa na wazee ambao wengi wao tumeshawazika kwa utaratibu waliouandika wenyewe. Kuna kiingilio. Kuna mchango wa mwezi. Wanaohesabika ni mwanachama, mwenza wake, watoto, wazazi wake wawili na wakwe wawili. Mwanachama mpya anasubiri miezi mitatu kabla ya kustahili chochote. Anayelimbikiza deni la michango hapewi mpaka alipe, na akipitisha muda anaanza upya kama mgeni.

Nilipoingia kwenye mafunzo ya uwakala na kufundishwa kipindi cha kusubiri, orodha ya wanufaika na bima kufa kwa kutolipiwa, nilikuwa nimeshavijua vyote nyumbani. Wazee hawakusoma vitabu vya bima. Walichoona ni watu wakija kujiunga wiki ambayo baba mkwe yuko mahututi Amana, wakachukua mkono wa pole, wakapotea. Basi wakaweka miezi mitatu.

Scotland mwaka 1744 wachungaji wawili, Robert Wallace na Alexander Webster, walianzisha mfuko wa wajane na yatima wa wachungaji wenzao. Walifanya kile kile walichofanya wazee wa Tabata, ila walikwenda hatua moja mbele: walikusanya taarifa za wachungaji wote wa kanisa lao, wakakadiria ni wangapi watafariki kila mwaka na kuacha wajane wangapi, kisha wakapanga mchango kwa kufuata hesabu hiyo. Hapo ndipo penye tofauti kati ya kikundi na kampuni. Roho ni ile ile. Kampuni ina idadi kubwa ya watu na ina jedwali la vifo. Kikundi kina watu wachache na kinafahamiana.

Na tatizo la watu kujiunga siku ya mvua haliishii mitaani. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulikuwa na Toto Afya Kadi kwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Ilipendwa kweli. Lakini wengi waliokuwa wakiwahi kuichukua walikuwa wazazi wa watoto ambao tayari ni wagonjwa, na matibabu yakazidi michango kwa mbali, hadi mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa. Wazazi walilalamika sana, na walikuwa na haki ya kulalamika. Mtoto mwenye tatizo la moyo hakuchagua kuwa hivyo. Ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka huo huo, na mfumo wa Mamlaka ya Afya ya Jamii ulioanza Kenya tarehe 1 Oktoba 2024 ambapo mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, zinataka kila mtu awemo, mzima na mgonjwa.

Naunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Lakini tuelewane: bima ya afya inamlipa daktari. Haimlipi mgonjwa.

Aliyepona na ameanguka

Miaka ishirini iliyopita figo zikifeli, familia nyingi zilijua mwisho wake. Sasa Muhimbili inasafisha damu, na mwezi Novemba 2017 ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, inafungua vifua vya watu ambao zamani walisubiri kibali cha kwenda India. Ocean Road wanatibu saratani. Watu wanapona, au wanaishi na ugonjwa miaka mingi, na hii ni neema ambayo sitaki kuipunguza hata kidogo.

Ila tazama maisha ya anayesafishwa damu. Anakwenda mara tatu kwa wiki, na kila mara anakaa kwenye mashine kama saa nne, ukiacha safari na ule uchovu wa kulala siku nzima baadaye. Tuseme kadi inalipa kila kitu. Ni mwajiri gani wa duka la Kariakoo atakayemvumilia? Ni genge gani la nyanya litakaloendeshwa siku nne kwa wiki na mtu anayetetemeka miguu?

Daktari mmoja wa Afrika Kusini aliliona hili mapema. Marius Barnard alikuwa kwenye timu ya kaka yake Christiaan iliyopandikiza moyo kwa mara ya kwanza duniani, Cape Town, Desemba 1967. Baadaye alisimulia habari za mgonjwa wake, mama aliyekuwa akilea watoto peke yake, aliyemfanyia upasuaji wa saratani ya mapafu. Upasuaji ulikwenda vizuri. Mama yule alirudi kwake baada ya muda akiwa amedhoofu, hana pumzi, na bado anakwenda kazini kila siku kwa sababu watoto wanataka kula. Barnard akaona kwamba yeye kama daktari anaweza kuokoa mwili wa mtu, lakini hana dawa ya kuokoa nyumba yake. Akazishawishi kampuni za bima, na mwaka 1983 kampuni ya Crusader Life ikatoa bima ya kwanza ya magonjwa makubwa: ukithibitika kupata mshtuko wa moyo, kiharusi, saratani, au ukihitaji upasuaji wa mishipa ya moyo, unalipwa fungu la fedha mkononi ukiwa hai, ulitumie utakavyo. Kutoka magonjwa hayo manne imesambaa dunia nzima.

Imefika na huku kwetu, lakini kwa kujibanza. Mara nyingi ni kipengele kidogo kilichoambatishwa kwenye bima ya maisha ya kikundi ambayo mwajiri mkubwa amewakatia wafanyakazi, na wengi hawajui kama wanacho. Nikikutana na mfanyakazi wa kampuni ya simu, benki au mgodi, huwa namwomba aende ofisi ya rasilimali watu aulize mambo mawili: nikiugua sana nikiwa hai ninalipwa nini, na jina la nani limeandikwa kama mnufaika. Jibu la pili limeshaleta mshtuko kwenye ndoa zaidi ya moja. Jina lililoandikwa siku ya kuajiriwa linabaki pale pale, watoto wamezaliwa, ndoa zimefungwa, na fomu haijaguswa.

Siku 126

Kwa aliyeajiriwa Tanzania, sheria imejenga kinga ya kipato ambayo ni nzuri kuliko watu wanavyofikiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka kiwango cha chini cha siku saba kwa mshahara kamili na siku saba kwa nusu mshahara kwa mwaka. Hapa Tanzania, ukiumia kwa sababu ya kazi, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na mwajiri peke yake, unakulipa asilimia 70 ya mshahara wako kwa kipindi ambacho huwezi kufanya kazi, kwa ukomo uliowekwa. NSSF ina pensheni ya ulemavu kwa aliyechangia vya kutosha.

Sasa toka nje ya geti la ofisi. Mama lishe hana siku 126. Fundi rangi hana hata moja. Na hao ndio walio wengi.

Kijana mmoja wa kijiwe chetu cha bodaboda alivunjika mguu Barabara ya Mandela. Pikipiki ilikuwa na bima ya lazima, ile ya mtu wa tatu, kwa sababu bila hiyo trafiki wasingempitisha. Bima hiyo ingemlipa mtembea kwa miguu kama angegongwa. Kwake yeye dereva haikuwa na neno. Akafikishwa MOI, taasisi ya mifupa, akawekewa vyuma, akalala siku chache, akarudi nyumbani na magongo. Pikipiki ilikuwa ya mkataba: hesabu ya kila siku inapelekwa kwa tajiri mpaka deni liishe iwe yake. Hesabu ikakatika, tajiri akachukua pikipiki akampa mwingine, na fedha zote zilizokuwa zimeshalipwa zikapotelea humo. Mke alikuwa anauza chapati. Akaacha ili amhudumie mume kwa wiki za mwanzo. Wakahama kutoka vyumba viwili kwenda kimoja. Mtoto akatolewa shule ya kulipia.

Mtaa ulimchangia mara moja. Bahasha ilikuwa nzuri, na kila aliyetoa alitoa kwa upendo. Kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, maana kijana alikuwa amepona, alikuwa anaonekana barazani anaongea na watu.

Huwa nafikiri yangekuwaje kama angefariki siku ile barabarani. Kabla ya saa ya magharibi pangekuwa na turubai, viti, pipa la maji, mwenyekiti wa kamati, mweka hazina na daftari. Simu zingepigwa mpaka kwa binamu walioko Muscat. Kikundi kingetoa fungu lake, kijiwe kingetoa lake, kanisa lingetoa lake. Tungekusanya kwa siku tatu kiasi ambacho kingemlipia kodi, hesabu ya pikipiki na ada ya mtoto kwa muda wote aliokuwa akitembea kwa magongo. Uwezo tunao. Tumeuelekeza wote upande mmoja, kwa sababu kifo kina siku, kina mahali pa kukaa na kina mtu wa kupokea mchango, na kuugua kwa muda mrefu hakuna chochote katika hivyo.

Ndugu zetu wa ughaibuni nao wako hivyo hivyo. Jumuiya za Watanzania na Wakenya Marekani na Uingereza zimejipanga vizuri sana kwa jambo la kurudisha mwili nyumbani, ambalo hugharimu maelfu ya dola. Na mtu akiwa Houston au Reading akitaka kuwalinda wa nyumbani, anachotafuta kwanza ni bima ya mazishi ya wazazi. Naelewa, hakuna anayetaka kupigiwa simu usiku hana kitu. Lakini katika ukoo huo anayelisha watu kumi ni yeye mwenyewe, kwa mgongo wake, akinyanyua wagonjwa kwenye nyumba za wazee. Mgongo huo ukikatika, watu kumi wanaanguka huku. Kama mwajiri wake ana bima ya kulipa sehemu ya mshahara mtu anapougua, na wapo huko walio nayo, hiyo ndiyo ya kuangalia kabla ya nyingine zote.

Kwa nini haiuzwi

Siwalaumu watu wa kampuni kwa kuikwepa bima ya kipato, ile ya kumlipa mtu asiyeweza kufanya kazi. Kifo kina cheti. Kina kibali cha mazishi na serikali ya mtaa inakijua. Kampuni inaweza kuahidi kulipa ndani ya saa 48 na ikalipa kweli. Kutoweza kufanya kazi hakuna cheti cha namna hiyo. Nani ataandika kwamba fundi seremala anayeumwa mgongo hawezi kupiga randa? Na kipato chake ni kiasi gani, wakati hana hati ya mshahara, na wiki hii amepata laki mbili na wiki ijayo hajapata kitu? Ukiahidi kumlipa sawa na anachosema alikuwa akipata, wapo watakaougua kwa muda mrefu kuliko ugonjwa wenyewe. Ukidai ushahidi mzito, mtu mkweli atakufa na njaa akisubiri mihuri.

Njia waliyoipata kampuni ni kulipa kiasi maalumu kwa kila usiku unaolala hospitali. Usiku wa wodini unahesabika na hospitali inautolea barua. Kampuni za simu zimeuza sana bima za aina hii, Tigo kwa jina la Tigo Bima hapa kwetu, na nyingine nchi jirani. Ni kitu cha maana, kwa mama aliyelazwa kwa malaria kali au kwa upasuaji wa uzazi kinasaidia kweli. Lakini kijana wetu wa pikipiki alilala siku chache tu, na aliyoyapoteza yalitokea yote baada ya kuruhusiwa.

Bima za simu zina udhaifu mwingine, na Zimbabwe waliulipia. Oktoba 2010 kampuni ya simu ya Econet ilianzisha EcoLife: ukinunua muda wa maongezi kwa kiwango fulani kwa mwezi, unapata bima ya maisha bila kutoa senti zaidi. Kwa miezi michache tu zaidi ya watu milioni moja wakawa na bima, wengi kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Mwaka 2011 Econet wakakosana juu ya malipo na Trustco, kampuni ya Namibia iliyokuwa ikiwapa teknolojia, na bima nzima ikazimwa ghafla. Watu waliamka hawana kitu, na baada ya hapo wengi walisema hawataki tena kusikia bima ya namna hiyo. Kilichopatikana bila kutia saini kilipotea bila kuagwa, na aliyekuja baadaye na bima ya kweli alikuta mlango umefungwa.

Upande wa pwani na visiwani kulikuwa na kikwazo cha aina yake: Waislamu wengi waliiona bima ya maisha kuwa na riba ndani yake na kubahatisha juu ya uhai wa mja. Takaful, bima inayofuata misingi ya Kiislamu, imekuja kujibu hilo. Wachangiaji wanatoa michango yao kama tabarru, yaani mchango wa hisani wa kusaidiana, msimamizi analipwa ujira wake, na ziada ni ya wachangiaji. Kenya kampuni ya kwanza ya takaful ilianza mwaka 2011. Nayataja haya kwa sababu takaful imerudisha kwenye karatasi kile ambacho vikundi vyetu havikuwahi kukiacha: kwamba mimi ninatoa kwa ajili yako, na ninajua hivyo ninapotoa.

Kabla sijafika kwenye hilo, jambo moja la bima ya mkopo. Ukichukua mkopo benki, mara nyingi unakatwa bima ya mkopo siku ile ile, imo kwenye makato ya mwanzo ambayo hakuna anayeyasoma kwa sababu macho yako kwenye kiasi kinachoingia. Bima hiyo kwa kawaida inalipa deni lililobaki mkopaji akifariki, na nyingi zinalipa pia akipata ulemavu wa kudumu. Nimekuta wajane wanaendelea kurejesha mkopo wa marehemu, wakiuza hadi kiwanja, hakuna aliyewaambia waulize. Tafadhali, msiba ukipita, mtu mmoja wa familia aende benki na cheti cha kifo aulize kwa maandishi. Na mkopaji aliyepooza ana haki ya kuuliza hivyo hivyo akiwa hai.

Sasa kikundi chetu. Kwenye mkutano mkuu nilipeleka pendekezo ambalo nimekuwa nalitafakari muda mrefu. Kifo ni kitu ambacho kampuni inakijulia hesabu kuliko sisi: ina watu wengi, ina majedwali, na kwa kikundi chenye katiba na usajili inauza bima ya mazishi kwa bei ya jumla. Ugonjwa wa muda mrefu ni kitu ambacho sisi tunakijua kuliko kampuni. Kampuni haiwezi kujua kama fundi seremala anaumwa kweli. Sisi tunajua. Tunamwona akishika ukuta kwenda msalani. Tunajua pia yule anayejifanya, maana jana alikuwa kwenye mpira Benjamin Mkapa. Kwa hiyo nikasema: kifo tukinunulie bima kampuni, na mfuko wetu wenyewe tuubakize kwa ajili ya mwanachama aliyeshindwa kufanya kazi.

Mzee wetu mwenyekiti mstaafu alisimama akaniuliza, "Katibu, mwanangu, kampuni ikichelewa kulipa, maiti itasubiri?" Ni swali la haki. Tukakubaliana tubakize akiba ya misiba miwili hata baada ya kukata bima. Mama mmoja anayeuza samaki Ferri, ambaye huwa haongei mikutanoni, akasema yeye mwaka mzima anaomba Mungu afe kuliko avunjike nyonga, kwa sababu akifa anajua tutamzika vizuri. Ukumbi ulikaa kimya, kisha mikono ikaanza kunyooshwa.

Rasimu ilivyo sasa: mwanachama asiyeweza kufanya kazi anaanza kulipwa wiki ya tatu, kiasi sawa kwa wote bila kuangalia kipato chake, kila wiki, kwa muda usiozidi miezi mitatu, kwa barua ya daktari pamoja na wajumbe watatu waliomtembelea kwake. Tumeomba bei ya bima ya mazishi kwa kampuni kadhaa, na tunasoma masharti ya kila moja kuhusu umri wa wazazi, kwa sababu hapo ndipo wengi hukatwa kimya kimya; kuna inayokataa mzazi aliyepita miaka 70, na kwetu karibu nusu ya wazazi wamepita. Kiasi cha wiki kimepita kwa kura nyingi. Kipengele cha maumivu ya mgongo bado kinabishaniwa.